Wikiendi ya hema Iringa: Lugalo, Kalenga na Isimila kwa usiku mbili

Kwa anayetaka kulala kwenye hema na papo hapo kuona historia ya nchi hii mahali ilipotokea, hakuna mzunguko Nyanda za Juu Kusini tunaoupendekeza kwa moyo wote kama huu wa Iringa: Lugalo palipopiganwa vita na Wajerumani, Kalenga palipokuwa na ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na Isimila penye korongo la zana za mawe, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Kiangazi hauhitaji gari la kupanda milima, hauhitaji kibali cha hifadhi, na gharama yake kubwa ni mafuta ya gari na chakula. Wanaorudi wakilalamika karibu wote wameharibiwa na ratiba. Wamefika Isimila saa saba mchana jua likiwa utosini, wamepita Kalenga dakika kumi na tano, na usiku wametetemeka ndani ya hema walilozoea kulilalia Bagamoyo. Ratiba inarekebishika, na ndiyo maana tunaeleza kwa kirefu.

Tuanze na mahali pa kulala. Kambi mbili zinafahamika zaidi. Riverside iko kando ya mto Ruaha Mdogo, kama kilomita 13 mashariki ya mji kwenye barabara ya Dar es Salaam. Kisolanza ni shamba la zamani lililo kama kilomita 50 kusini-magharibi, kwenye barabara ya Mbeya. Isimila iko katikati yao, kama kilomita 20 kutoka mjini upande wa Mbeya, kwa hiyo mwendo wa asubuhi unakaribia kulingana kwa wote. Wanaotoka Dar, Morogoro au Dodoma waishie Riverside. Wanaotoka Mbeya, Njombe au Mafinga wasimame Kisolanza, wasijichoshe kuvuka mji usiku. Kando ya mto kuna kivuli na sauti ya maji, lakini umande ni mzito na ukungu huchelewa kuinuka, hivyo hema litaamka limelowa hata kama hakujanyesha tone. Kwenye shamba kuna nafasi na ukavu zaidi, na duka la kununua mboga na nyama. Kwa hali yoyote pigeni simu kabla ya kuondoka nyumbani, muulize mambo matatu: maji ya moto ya kuoga yapo saa ngapi, kuni au mkaa vinauzwa hapo hapo, na je, wikiendi hiyo kuna sherehe iliyokodi uwanja. Swali la tatu husahaulika, nalo ndilo huamua kama mtalala au mtasikiliza spika hadi saa tisa usiku.

Korongo la Isimila lenyewe si mahali pa kulala. Ni eneo la urithi, na pia ni njia ya maji. Mvua ikinyesha juu, mfereji uliokuwa mkavu hujaa ghafla.

Sasa hema. Kiangazi udongo wa Iringa hukauka ukawa mgumu kama tofali, na vile vigingi vyembamba vya waya vinavyokuja na mahema ya bei nafuu hupinda kwa pigo la tatu. Nunueni misumari ya nchi 6 kwenye duka la vifaa vya ujenzi, 12 hadi 16 kwa hema moja, pamoja na nyundo ndogo. Kichwa cha msumari ni kidogo na kamba huchomoka, hivyo pitisheni washa pana (kibati cha mviringo chenye tundu) kwenye kila msumari kabla ya kuupigilia. Msumari haupigwi wima. Kichwa kiinamie nje, mbali na hema, na ncha iingie ardhini kuelekea hema. Hapo kamba ikivuta, msumari unazidi kung'ang'ania badala ya kuchomoka. Ukipigwa wima, upepo wa Julai utaung'oa kabla ya saa nne usiku, na Iringa mwezi huo ina upepo wa kweli. Mlango wa hema uelekezwe kusikovuma.

Turubai la chini liwe dogo kuliko sakafu ya hema, upungufu wa kiganja kimoja kila upande. Wengi hutandika turubai kubwa wakidhani ndiyo kinga, kumbe ile sehemu inayochungulia nje hukusanya maji na kuyaingiza chini ya hema kama bakuli. Kifuniko cha juu nacho kisigusane na ukuta wa ndani. Nafasi ya vidole vinne inatosha. Pakigusana, unyevu hupita papo hapo. Na msizibe matundu yote ya hewa kwa kuogopa baridi. Watu wawili wakipumua usiku kucha ndani ya hema lililozibwa, pumzi hugeuka matone kwenye dari, na alfajiri yanawadondokea usoni. Huko ndiko linakotoka lile lalamiko kwamba hema "linavuja". Acheni tundu moja wazi upande usio na upepo.

Jambo moja zaidi la hema, kwa wanaonunua kwa mara ya kwanza: lililoandikwa ni la watu wanne hutosha watu wazima wawili na mabegi yao. Waliotengeneza hesabu ile wamewapanga watu kama samaki kwenye kopo.

Baridi ndiyo inayowaangusha wengi. Mji wa Iringa uko takribani mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Blanketi zito juu ya mwili halisaidii kitu kama chini hakuna kinga, kwa sababu ardhi hunyonya joto la mwili kuliko hewa. Godoro la upepo peke yake ni kosa: hewa iliyo ndani yake hupoa na kuzunguka, ukajikuta umelalia baridi iliyofungwa kwenye mpira. Tandikeni sponji ya sentimita 3 hadi 5, au wekeni blanketi moja chini na moja juu badala ya yote mawili juu. Begi la kulalia la mtumba, kama yale ya Mwanjelwa pale Mbeya, linaweza kuwa zuri sana kwa bei ndogo, lakini kagueni zipu yote kuanzia juu hadi chini, kisha someni lebo kwa makini. Huwa na namba mbili au tatu za joto. Ya chini kabisa ni kiwango cha kunusurika, haihusiani na usingizi mzuri. Tumieni ile ya juu, na kwa Iringa ya Julai isizidi nyuzi 5. Kabla ya kuingia kulala badilisheni nguo zote, hata soksi, maana jasho la mchana ndilo hupoa usiku. Chupa ngumu ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuvikwa soksi, ikiwekwa miguuni, hufanya kazi hadi saa saba au nane usiku.

Tunaomba hili lisomwe polepole: msiingize jiko la mkaa ndani ya hema, hata likiwa limebaki majivu, hata kwa dakika tano za kupasha hewa. Mkaa unaofifia hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na aliyelala haamki. Hema, chumba na gari vyote ni sawa kwa hilo. Kila msimu wa baridi kuna watu nchini humu wanaopoteza maisha namna hiyo, na wote walikuwa wanataka kupata joto tu.

Kwa kupikia, mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye jiko la kufunga juu unatosha wikiendi yote na kubaki. Uwekwe mahali palipo sawa, na wenye kuuzingira wawe upande wa upepo ili moto usizimwe. Bati lililokunjwa mara mbili ni kinga nzuri. Moto wa kuni uwe kwenye shimo la kina cha sentimita 30, na majani yafagiliwe mduara wa mita tatu. Kuanzia Julai hadi mvua za Novemba nyasi za nyanda hizi huwaka kwa cheche moja, na watu wa Mufindi, wenye msitu wa Sao Hill, wanaujua uchungu wa moto kuliko yeyote. Zimeni kwa maji, koroga majivu, mwageni tena, kisha wekeni kiganja juu. Kikivumilia, moto umezimika.

Kwa watu wanne, chakula cha usiku mbili ni unga wa dona kilo 2, mchele kilo moja na nusu, mafuta nusu lita, mayai trei moja, na nyanya na vitunguu vya kutosha. Wanaotoka Dar hupita Ruaha Mbuyuni penye vitunguu na Ilula penye nyanya, basi kubeba vya Kariakoo hadi huku hakuna maana. Maharage yachemsheni nyumbani yaive kabisa, mje nayo kwenye chombo kilichofungwa. Katika mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi kama 95, hivyo maharage makavu hula gesi na muda mara moja na nusu ya mlivyozoea pwani. Wali pia utaonekana umeiva juu huku kiini kigumu. Ongezeni maji kidogo na mfunike kwa sahani nzito. Maji ya kunywa na kupikia pigeni hesabu ya lita 5 kwa mtu kwa siku. Na chai, kwa kuwa mko jirani na Mufindi, iwe ya Mufindi.

Tuje kwenye historia, ambayo ndiyo sababu ya safari. Mpangilio unaoleta maana ni kufuata miaka ya vita vya Wahehe na Wajerumani siku ya kwanza, kisha siku ya pili kurudi nyuma kabisa, enzi za zana za mawe. Anayeanza na Isimila akamalizia na Lugalo hupata vipande visivyoshikana.

Lugalo iko kando ya barabara kuu ya Dar, mashariki ya mji. Ni kituo cha nusu saa tu, lakini msikiruke. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski kiliviziwa hapa na jeshi la Mkwawa, kikasambaratishwa kwa muda mfupi sana. Zelewski mwenyewe aliuawa, na Wahehe wakachukua bunduki zipatazo 300 pamoja na mizinga. Kambi ya jeshi ya Lugalo pale Dar es Salaam ilipata jina lake hapa, na wengi wanaopita mbele ya lango lake kila siku hawalijui hilo. Pana mnara wa kumbukumbu uliowekwa na Wajerumani kwa ajili ya watu wao. Simameni hapo muitazame ardhi badala ya mnara: vichaka, mawe na mabonde madogo, na njia nyembamba inayomlazimu mtu kutembea kwa msururu mrefu. Msururu wa aina hiyo hauwezi kugeuka kupigana kwa pamoja. Ukiona sura ya nchi, ushindi ule unaeleweka bila maelezo mengi. Mkiegesha gari, tokeni kabisa kwenye lami, maana malori ya Tunduma hayapunguzi mwendo.

Kalenga ni kama kilomita 15 kutoka mjini, kwenye barabara inayoelekea Hifadhi ya Ruaha. Hapo palikuwa makao ya Mkwawa, ngome iliyojulikana kama Lipuli, jina ambalo mashabiki wa soka wanalifahamu kwa klabu ya Iringa. Neno Iringa lenyewe ni lilinga la Kihehe, yaani boma. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani wakiongozwa na gavana wao, Friedrich von Schele, waliipiga ngome kwa mizinga na kuiingia. Mkwawa akaponyoka, akapigana vita vya kuvizia kwa karibu miaka minne, hadi 19 Julai 1898 alipojipiga risasi kule Mlambalasi badala ya kukamatwa.

Makumbusho ni madogo mno, na hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Wakiona chumba kimoja hugeuka na kutoka. Ukitembea mwenyewe, kweli ni dakika kumi na tano: mikuki, ngao, bunduki, picha, na ndani ya kasha la kioo, fuvu la Mkwawa. Ukiwa na mwongoza wageni anayejua kazi yake ni saa nzima, na ni saa yenye uzito. Fuvu lile lilikatwa kwenye maiti na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi sita. Haikufanya hivyo. Ilichukua hadi miaka ya 1950, gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipokwenda kwenye makumbusho ya Bremen yaliyokuwa na mafuvu kama 2,000, akachambua kwa vipimo vilivyolinganishwa na vya ndugu wa Mkwawa walio hai. Mwaka 1954 alilikabidhi hapa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Huyo ndiye Adam Sapi Mkwawa aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi, naye amezikwa papo hapo nje.

Muulizeni mwongozaji mambo mahususi, la sivyo mtapewa hotuba ileile ya wanafunzi wa ziara. Ukuta wa ngome ulipita wapi, na mabaki yake yanaonekana wapi leo? Kwa nini Mkwawa, aliyeshinda kwa kuvizia Lugalo, aliamua safari hii kungoja nyuma ya ukuta? Hilo la pili ndilo kiini cha habari yote, na majibu yake hutofautisha mwongozaji na mkariri. Fuvu lile ni la babu wa watu walio hai, na ukoo wao uko pale pale kijijini. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, vueni kofia, watoto wasicheke karibu na kasha. Mzee mkimkuta nje, "Kamwene", salamu ya Kihehe, inafungua mazungumzo kuliko "Shikamoo" pekee. Toeni zote mbili.

Mwili wa Mkwawa uko Mlambalasi, kama kilomita 50 kutoka mjini kwenye barabara hiyohiyo. Kuna kaburi la kumbukumbu, na karibu yake pango la mwamba ambamo wanaakiolojia wamekuta mabaki ya Zama za Mawe na za Chuma. Kwa wikiendi ya usiku mbili tunashauri kuliacha, isipokuwa mna gari imara na mmetoka kambini kabla ya saa mbili asubuhi.

Isimila iachwe kwa Jumapili asubuhi, na mfike mara ofisi inapofunguliwa. Sababu ya kwanza ni joto: chini ya korongo hakuna kivuli, na mchanga mweupe huakisi jua usoni. Sababu kubwa zaidi ni mwanga. Zana za mawe zilizolala chini haziwezi kusomwa jua likiwa utosini, kwa kuwa jiwe lote huonekana bapa. Asubuhi mwanga unakuja kwa ubavu na kila kovu la kumegwa linapata kivuli chake.

Chagueni shoka la mkono moja, mchuchumae mbele yake bila kuligusa. Umbo ni kama jani pana: ncha moja imechongoka, kitako ni kinene cha kujaa kiganjani. Tazameni katikati kwanza. Kuna makovu makubwa mapana, yaliyoachwa na mapigo mazito ya kupunguza unene wa jiwe. Fuateni hadi ukingoni, makovu yanakuwa madogo, yamepangana kama magamba ya samaki. Hayo ni mapigo mepesi ya kunyoosha makali. Geuzeni shingo muutazame ukingo kwa mbele: hauko mnyoofu, unapinda huku na huku kama meno ya msumeno, kwa sababu fundi alipiga upande mmoja, akaligeuza, akapiga wa pili. Mtu aliyefanya hivyo aliliona shoka ndani ya jiwe kabla ya pigo la kwanza. Mengine hapa yanazidi urefu wa sentimita 30, makubwa mno kushikwa kwa kazi ndogo, na matumizi ya hayo makubwa bado yanajadiliwa. Pamoja nayo kuna vikwangulio, mawe ya mviringo, na zana zenye makali mapana kama shoka la kisasa.

Eneo hili lilitambuliwa 1951 na mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aitwaye Maclennan, aliyeokota zana akiwa safarini. Uchimbaji mkubwa ulifanyika 1957 na 1958 chini ya Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago. Kuhusu umri mtakutana na tarakimu mbili zinazopishana sana. Maandishi ya zamani husema miaka 60,000. Kipimo cha urani kilichotangazwa 1972 kilitoa karibu miaka 260,000. Anayewatajia 60,000 anatumia kijitabu cha zamani. Zana zilikuwa zimefukiwa na mashapo ya bonde lililowahi kuwa na maji ya kina kifupi, ambako wanyama walikuja kunywa, akiwemo kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, aliyekuwa na macho yaliyoinuka juu ya kichwa kuliko kiboko wa leo. Kisha kijito kikakata mashapo yale, zana zikafichuka. Kwa hiyo mnachotembea juu yake ni kurasa za chini za kitabu ambacho maji yamekifungua.

Msiokote hata kipande. Jiwe likiondolewa mahali lilipolala linabaki jiwe tu, na sheria ya mambo ya kale hailichukulii kwa upole.

Baada ya zana, nendeni kwenye nguzo, mwendo wa miguu wa kama robo saa kushuka na kuingia korongo la pili. Hizi ndizo zinazopigwa picha na kila mtu: minara ya udongo na mchanga, mirefu kuliko nyumba, imesimama peke yake baada ya mvua kula kilichokuwa kati yake. Angalieni juu ya kila nguzo. Tabaka gumu lililobaki kichwani ndilo mwavuli uliolinda udongo laini wa chini. Nguzo iliyopoteza kofia yake huwa imechongoka na iko njiani kuanguka. Ndiyo sababu ya kutokuegemea wala kupanda: ukuta ule unashikwa na kidogo sana. Viatu viwe na soli yenye meno. Kandambili zinateleza kwenye changarawe ya mteremko, na mvua ikishanyesha udongo ule unakuwa kama sabuni. Januari hadi Aprili tusingepeleka wazee huko chini. Kila mtu abebe lita moja na nusu ya maji na kofia. Kwa yote mawili, zana na nguzo, tengeni saa mbili na nusu.

Malipo ya maeneo ya Serikali kwa kawaida hupita kwa kontroli namba, basi wekeni salio la kutosha kwenye simu kabla ya kuondoka kambini, maana mtandao wa korongoni hauna uhakika. Bebeni vitambulisho vya NIDA, kwa kuwa kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, na anayekusanya ana haki ya kutaka uthibitisho.

Wasio na gari wanaweza. Daladala za kwenda Tanangozi na Ifunda hupita njia panda ya Isimila. Mwambieni konda mapema, kisha mtembee kama kilomita mbili au mchukue bodaboda. Kalenga pia ina daladala kutoka mjini. Kinachokuwa kigumu ni hema na mtungi wa gesi, hivyo kundi lisilo na gari likodi bajaji ya siku nzima, wapatane bei pamoja na muda wa kusubiri kabla ya kupanda.

Mkibaki na saa moja mjini, chagueni kati ya mambo mawili. Makumbusho ya Iringa Boma yako ndani ya jengo la Wajerumani, yamepangwa vizuri, na yanafaa hasa siku ya mvua. Gangilonga, jiwe linaloongea kwa Kihehe, ni mwamba mkubwa unaotazama mji mzima. Pandeni saa kumi na moja jioni, mkiwa wengi, mshuke kabla ya giza. Michoro ya miambani ya Igeleke, upande wa barabara ya Dodoma, ni ya kupendeza, ila bila mwenyeji mtazunguka mawe bila kuiona.

Msijaribu kuchomeka Hifadhi ya Ruaha humo. Ni kama kilomita 130 kutoka mjini, ni miongoni mwa hifadhi kubwa kabisa nchini, na inataka siku zake tatu. Wanaolazimisha huishia kuona vumbi, twiga wawili na lango la kutokea.

Wanaorudi Dar waondoke Iringa kabla ya saa sita. Lori moja likiharibika kwenye kona za Kitonga, foleni huweza kula saa nzima au mbili, na kushuka mlima ule usiku nyuma ya malori yenye breki zilizochoka hatukushauri. Shukeni kwa gia ndogo, si kwa breki. Na mkifika nyumbani hema litoeni kwenye mfuko usiku huohuo, mlitandaze hata sebuleni. Limefungwa likiwa na umande wa Iringa, na siku mbili tu ndani ya mfuko zinatosha kulijaza ukungu mweusi usiotoka kwa sabuni yoyote.